Kishikwambi cha Sensa Mikononi mwa Mwalimu

Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, Serikali ya Tanzania iligawa vishikwambi vya makarani kwa walimu. Wapo waliobeza kwamba vitaishia kupigia muziki. Hawakuwajua walimu wa shule za msingi.

Chukua darasa la tano lenye watoto waliobanana hadi wengine wameketi sakafuni, kitabu kimoja kikigombewa na kundi zima. Mwalimu amepakua kitabu usiku kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mtandao ukiwa mwepesi, kwa bando alilonunua mwenyewe. Asubuhi anawagawa: kundi moja linazunguka kioo, mengine yanaandika. Video ya moyo ukisukuma damu, jambo ambalo chaki haikuwahi kulitendea haki, anairudia mara tatu, mara nne, mpaka wa nyuma kabisa aone. Chaji ikishuka anapunguza mwanga, somo linaendelea. Shule haina umeme. Jioni kifaa kitaachwa dukani kwa mwenye sola.

Kinachonivutia zaidi ni vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Humo mwalimu wa juzi tu humsogelea mkongwe anayekaribia kustaafu: “Shikamoo Mwalimu, gusa hapa.” Na mkongwe, bila kinyongo, anagusa, kisha anamfundisha kijana namna ya kulituliza darasa.

Hongereni, walimu. Nanyi wajumbe wa kamati za shule, mkikaa kupanga bajeti, bando la mwalimu liwemo.