Mizani Iliyoistaafisha Kilo ya Sèvres

Kwa miaka 130, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha madini kilichohifadhiwa Sèvres, nje kidogo ya Paris: silinda ya platinamu iliyochanganywa na asilimia 10 ya iridiamu, kimo milimita 39 na kipenyo milimita 39, katika kasha lisilofunguka mpaka funguo tatu zikutane. Kwa kuwa silinda hiyo ndiyo iliyokuwa kilo yenyewe, haikuweza kukosea. Ingeshika uchafu, vitu vingine vyote duniani ndivyo vingehesabika kuwa vimepungua. Nakala zake rasmi zilipoletwa kulinganishwa nayo, nyingi zilionekana kuizidi kwa takriban mikrogramu 50 ndani ya karne moja, uzito kama wa alama ya kidole iliyoachwa juu ya kioo. Je, nakala ziliongezeka au silinda ilipungua? Hapakuwa na kipimo cha tatu cha kuamua.

Mlango wa kutokea ulifunguliwa mwaka 1975 na Bryan Kibble, mwanafizikia wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, ingawa wakati huo alikuwa akitafuta namna bora ya kupima mkondo wa umeme. Mbinu yake inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana uzuri wake wote umo katika mpangilio.

Weka jiwe la kilo kwenye mizani. Chini ya sahani ileile ning'iniza koili ya waya katikati ya sumaku kali, kisha pitisha umeme. Sumaku itaisukuma koili kwenda juu. Rekebisha mkondo mpaka msukumo huo ulingane na uzito wa jiwe. Hapo unajua kwamba uzito ni sawa na mkondo, mara nguvu ya sumaku, mara urefu wa waya uliomo ndani ya sumaku. Mkondo unapimika vizuri. Balaa liko kwa hivyo viwili vya mwisho: waya umezungushwa mara nyingi, sumaku haina nguvu sawa kila mahali, na hakuna rula ya kuvipima kwa usahihi unaotakiwa. Mizani za umeme za zamani zilikwama papo hapo.

Kibble hakujaribu kuvipima. Aliondoa jiwe, akakata mkondo, akaisogeza koili ileile ndani ya sumaku ileile kwa kasi inayojulikana. Koili inayotembea ndani ya sumaku huzalisha volti, na volti hiyo ni sawa na kasi, mara nguvu ya sumaku, mara urefu wa waya. Gawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili, na vile viwili visivyopimika vinakatana. Kinachobaki ni tungamo, mara mvutano wa dunia, mara kasi, sawa na volti mara mkondo. Kwangu mimi hapa ndipo penye ufundi mkubwa kuliko wote: kipimo kilifika mbali kwa kuepuka kupima.

Kasi husomwa kwa leza. Mvutano wa dunia hupatikana kwa kudondosha kioo ndani ya ombwe na kufuatilia anguko lake. Volti hulinganishwa na athari aliyoitabiri Brian Josephson mwaka 1962, na ukinzani, unaohitajika ili kupata mkondo kutokana na volti, hulinganishwa na ile aliyoigundua Klaus von Klitzing mwaka 1980. Athari zote mbili zinategemea chaji ya elektroni na konstanti ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika; ukiziunganisha, chaji nayo inakatana, Planck anabaki peke yake. Kilo ikawa imefungamana na maumbile.

Lakini thamani ya konstanti hiyo haikukubaliwa kwa mizani ya Kibble peke yake. Huko Braunschweig, Ujerumani, wanasayansi walichonga tufe la silikoni-28 iliyosafishwa mno, wakapima nafasi kati ya atomi kwa eksirei na ukubwa wa tufe kwa leza, wakazihesabu atomi zake. Ni barabara nyingine kabisa ya kuifikia konstanti ileile, na kwa miaka kadhaa barabara hizo mbili hazikukutana. Wataalamu wakaweka sharti: majaribio matatu huru, kila moja likiwa na shaka isiyozidi sehemu 50 kwa bilioni, na angalau moja isiyozidi 20. Mizani ya Kibble iliyouzwa Kanada ilishuka chini ya 10 mwaka 2017. Subira ile naiheshimu, kwa sababu kosa lolote lingehamia kwenye kila mizani iliyohakikiwa, hadi ile inayopima korosho ya mkulima wa Mtwara.

Tarehe 16 Novemba 2018, mjini Versailles, nchi zinazoshirikiana katika vipimo zilipiga kura, na kuanzia 20 Mei 2019 konstanti ya Planck ikafungwa kuwa 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli sekunde. Kilo sasa inatokana nayo.

Kazi haijaisha. Maabara zinazotengeneza kilo kwa njia mpya bado hazikubaliani kikamilifu, hivyo tangu Februari 2021 hutumika thamani ya makubaliano inayotokana na matokeo yao kwa pamoja. Ya kwanza iliiweka silinda ya Sèvres mikrogramu 2 chini ya kilo. Ile ya 2023 iliishusha hadi mikrogramu 7.