Nyota Sita za Bendera

Alama nzuri haisemi uongo inchi inapogeuka. Bendera yetu ya 1960 ilikuwa na nyota ndogo sita, sababu majimbo yalikuwa sita. Kivu ilikuwa nyota moja. Katika mwaka 1988 Kivu iligawanywa majimbo matatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Lakini katika 1997 nyota zile sita zilirudishwa, na majimbo, pamoja na Kinshasa, yalikuwa 11. Mutoto wa Bukavu angeuliza: «Yetu ni gani?», tungemujibu nini?

Bendera ya 2006 inapita ile: nyota moja kwa wakati ujao wenye kungaa, mustari mwekundu kwa damu ya mashahidi wa inchi. Tangu 2015 majimbo ni 26, nayo haikupashwa kugeuzwa. Bendera isihesabu vinavyogawanyika. Ionyeshe tunachopashwa kushika wote.