Viua vya Langoni

Ukitaka kumjua fundi wa kofia ya viua, usianze na maua ya nje. Ipindue. Kofia ya mashine kwa ndani ni vurugu tupu za nyuzi. Ile iliyopita mkononi mwa fundi wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hata upande wa ndani ungevalika. Mtoto afunzwaye aonyeshwe upande huo kwanza, maana uzuri wa nje hata dukani unauzwa.

Kazi yenyewe yataka subira. Vitambaa viwili vyeupe hulazwa kimoja juu ya kingine, vikapigwa bandi visiteleze, kisha mchoro hutiwa kwa penseli: duara la juu mbali, ukanda wa pembeni mbali. Kila kiua hutobolewa, ukingo wake ukazungushiwa uzi kwa mishono midogo iliyobanana, hata kitundu kikakaa wazi bila kuchanika. Baina ya viua hupita mistari ya mishono inayobana tabaka mbili mpaka kitambaa laini kinasimama chenyewe. Vitundu hivyo si pambo tu, hupitisha upepo kichwani, na anayeijua Lamu ya kaskazi hatabisha. Kofia moja hula mwezi, miwili, hata zaidi, kwa kuwa hushonwa baina ya kupika na kulea. Wanaume nao hushona, barazani, wala hawachekwi.

Wazee hulalamika kwamba vijana hawataki sindano. Nawaelewa, lakini kijana anayepewa tambara ajizoeze miezi na miezi atakimbia, na ana haki ya kukimbia. Mabibi werevu hufanya vingine. Mtoto akitoka chuoni huanza kwa kumtungia uzi bibi ambaye macho yameingia ukungu. Hukaa karibu, husikia habari za mtaa mzima, na huo ndio mshahara wake wa kwanza. Siku moja humegewa ukanda wa kofia ya kweli, yenye mwenyewe, iliyopimwa kichwa cha mtu. Akikosea huambiwa, "Fumua, mwanangu." Hufumua. Kesho yake harudi kwa sababu ya hotuba juu ya utamaduni. Hurudi kwa sababu kofia ina mtu anayeingoja.

Na kungoja huko kuna tarehe. Mfungo Sita ukiingia, wageni humiminika Langoni kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935. Nani atakaye kuonekana kwenye zefe na kofia iliyochoka? Za zamani hufuliwa, zikatiwa wanga na kuvishwa faroma zisisinyae. Mpya humaliziwa usiku. Hapo ndipo mtoto humwona mtu akipita na ukanda alioushona yeye, akawaonyesha wenzake kwa kidole.

Penye uzito ni bei. Kofia za mashine kutoka ng'ambo ni rahisi, na kijana anajua kujumlisha. Kumwambia ashone kwa mapenzi tu ni kumdhulumu, tena pwani hii haijapata kutenga kitambaa na biashara. Kitambaa cha marekani kililetwa kwa merikebu kutoka Salem, Massachusetts, katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokizuia, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaziba pengo. Kofia nayo ina nduguye Oman, kumma, yenye viua vilevile, na huko wapo wanaojua kutofautisha mkono na mashine.

Basi msichana anayeipiga picha kofia yake kwa simu na kuitafutia mnunuzi Mombasa au Muscat hajauacha ufundi. Akiingiza uzi wa kahawia au kijani, na mchoro ambao bibi yake hajapata kuuona, mimi niko upande wake. Bibi atanuna kidogo, kisha atauliza imeuzwa kwa bei gani.