Mwanya wa Kidole Kimoja

Udongo wa jiko hauchotwi popote. Fundi ninayemwandika hapa, mama wa makamo wa kijiji cha Mwamgongo, huupandia mlima. Kijiji chake kimebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na vilima vinavyoanza nyuma kabisa ya nyumba za mwisho, na vichuguu vizuri viko juu, kwenye mashamba ya mihogo na michikichi. Anakipasua kichuguu kwa jembe, anatoa bonge la ndani, analivunja kwa vidole, kisha anaweka chembe ulimini na kuisaga taratibu kwa meno ya mbele. Mchanga ukiwa mwingi, meno yanamwambia. Mchwa wamekwisha kumfanyia nusu ya kazi: wamepandisha chembe laini kutoka chini, wamezikanda kwa mate na kuzishikanisha hadi mvua haizibomoi.

Kusini mwa kijiji inaanza Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Huko, mwaka 1960, Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka ujiti wa nyasi kwenye kichuguu na kuutoa ukiwa umejaa mchwa, akala. Aliona pia sokwe wakipukutisha majani ya kijiti ili kipenye vizuri. Hadi wakati huo wataalamu wengi walimtenga binadamu na wanyama wengine kwa hoja kwamba yeye peke yake hutengeneza zana, na hoja hiyo ikaanguka pale, mbele ya kichuguu. Mimi nasomea uhandisi, na kisa hiki tulikisoma kama habari ya akili ya sokwe. Kwangu sasa ni habari ya macho ya mtazamaji vilevile. Goodall alikuwa ameshinda miezi kadhaa mlimani, sokwe wakimkimbia, kabla hajaona jambo hilo.

Udongo ukishafika nyumbani unapondwa, unachekechwa, unachanganywa na nyasi kavu zilizokatwa fupi, unalowekwa, kisha unafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa uvundike. Fundi haulazimishi. Kila siku anaukanyaga kwa miguu, anaugeuza, anaufunika tena. Ili kujua kama umeiva anaviringisha kamba nyembamba ya udongo na kuizungusha kwenye kidole cha shahada. Ikipasuka, bado. Ikizunguka bila ufa, anafinyanga tonge, analiangusha chini kutoka usawa wa bega na kuinama kulitazama. Linatakiwa libonyee kidogo tu, lisitandazike wala lisitawanyike.

Hapo anagawa udongo mafungu mawili. Moja analiacha lilivyo. Jingine analichanganya na unga wa mbao alioukusanya ufukweni kwa mafundi wa boti, palipokuwa pamepasuliwa mbao. Udongo huo wa pili utakaa ndani, karibu na moto. Unga wa mbao utaungua na kuacha vishimo vidogo visivyohesabika, na hewa iliyonaswa humo itazuia joto lisiponyokee ukutani. Udongo mzito utakaa nje, ubebe sufuria na nguvu za mpishi.

Mgawanyo huo una historia ndefu kuliko unavyoonekana kwenye beseni. Baada ya tetemeko la ardhi lililoivunja Guatemala mwaka 1976, lilisambazwa jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Lilikuwa zuri kutazama na lilitoa moshi nje ya nyumba, likaigwa katika nchi nyingi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba kwa mapishi mengi halikuokoa kuni kuliko mafiga matatu, kwa sababu udongo ule mnene ulikunywa moto kabla haujaifikia sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, akaweka kanuni za kile kinachoitwa jiko la roketi: chumba kidogo cha moto chenye kuta zisizomeza joto, njia ya hewa yenye upana uleule toka mdomoni hadi chini ya sufuria, na mwanya mwembamba unaolazimisha hewa ya moto ipite ikiisugua sufuria. Ilibidi watu waache kufikiria umbo la jiko na waanze kufikiria njia ya moto. Kwa maoni yangu hayo ni mageuzi makubwa ya fikra, ingawa yalihusu moshi na masizi.

Kabla hajashika tonge la kwanza, fundi anamwomba mwenye nyumba, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, asonge ugali kwenye mafiga yake ya zamani. Ugali wa muhogo si uji. Unavuta, unang'ang'ania mwiko, na msongaji anautia bega na kiuno. Fundi anachuchumaa kando. Anatazama goti linakaa wapi, mkono ulioshika ukingo wa sufuria kwa kitambaa unavutia upande gani, moshi unamfuata mpishi anapogeuka au unampita. Kisha anapima kwa viganja kutoka sakafuni hadi ukingoni mwa sufuria na kuchora mstari ukutani kwa kaa.

“Mama, si ungepima tu sufuria?” anauliza mwenye nyumba.

“Sufuria haisongi ugali, mwanangu,” anamjibu.

Darasani tunaanza na karatasi, tunachora kitu, halafu mwishoni tunamtafuta wa kukitumia. Hapa mchoro wote ulikuwa ni yule mama kijana anayesonga.

Mdomo wa jiko hauelekezwi mlangoni. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hushuka kutoka milimani, na jiko linalotazamana na mlango hutapika moshi zamu mbili kwa siku. Fundi analiweka kwenye ukuta wa ubavuni, anatandika mawe bapa, anayafunika kwa udongo mwepesi, anausawazisha kwa kiganja kilicholoweshwa.

Sasa unakuja mgomba, na hapa ndipo niliposogea karibu zaidi. Shina moja la mgomba uliokwisha kuzaa linakatwa vipande kwa panga. Kipande kimoja kinalazwa: ndiyo njia ya kuni. Kingine kinasimamishwa mwishoni mwa cha kwanza, vikutane vizuri: ndicho chumba cha moto. Kipande kifupi kinaungana juu kwa mlalo kwenda kwenye shimo la sufuria ya pili, na cha mwisho kinaelekea kwenye dohani. Kwa kuwa vyote vimetoka kwenye shina lilelile, upana wa njia unabaki sawa mwanzo hadi mwisho. Kanuni niliyoisoma kwa hesabu za eneo la mkato ilikuwa imelala sakafuni, inachuruzika utomvu.

Anajaza udongo kuzunguka migomba hiyo ngumi kwa ngumi. Kila tonge analipigiza juu ya lililotangulia, analikandamiza kwa kisigino cha mkono, halafu analikwaruza uso kwa vidole ili linalofuata lipate pa kushika. Hewa ikibaki katikati, jiko litapasuka siku ya kwanza ya moto. Mwepesi ndani, mzito nje, na mpaka kati yao anaujua kwa rangi, maana ule wenye unga wa mbao umepauka kidogo. Hazungumzi sana anapofanya hivi.

Ukuta ukifikia mstari wa kaa, analeta sufuria yenyewe ya nyumba hiyo. Anaipaka majivu na maji isigande, anaikalisha kwenye udongo mbichi, anaizungusha kushoto, kulia, kushoto, huku akiishindilia chini. Anapoiinua imeacha sura yake kamili, mpaka bonde dogo ilipogongwa zamani. Kisha kwa kisu anakwangua ndani ya shimo lile, unene wa kidole kimoja, kuanzia chini kupanda juu, na kusimama kabla ya ukingo. Ukingoni haachi nafasi yoyote: pale udongo utaikumbatia sufuria ili moshi usitoroke, uendelee kwenye sufuria ya pili na dohani. Chini anaacha vinundu vitatu vya kuibeba. Mafiga matatu yamerudi, yakiwa madogo kama vifundo vya vidole.

Alirudia mkwanguo ule mara nyingi. Anakwangua, anarudisha sufuria, anachomeka kidole kupitia mdomo wa jiko na kulipapasa giza la mle ndani, anaitoa, anakwangua tena pembamba kama ganda la kitunguu. Mwanya ukizidi, moto unapita katikati bila kuigusa sufuria. Ukipungua, moto unakosa pumzi na kuni zinafuka. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kwenda kisimani na kurudi, na fundi alikuwa bado amelala ubavu sakafuni, shavu karibu na udongo.

Migomba haitolewi siku hiyo. Udongo ukiwa laini utaporomoka. Ukikauka kabisa utapasuka unapovuta. Fundi anasubiri hadi ukucha uache alama lakini kidole kisiache. Wakati huo anaichimba migomba kwa kisu kirefu, kipande kwa kipande, na maji yake yanatiririka nje kwa mdomo wa jiko. Ndani linabaki pango laini lenye alama za nyuzi za mgomba. Anaingiza bati lililokatwa kwenye debe kuukuu na kuugawa mdomo juu na chini: kuni zitakaa juu ya bati, hewa itapita chini yake.

Yanafuata majuma ya kukauka. Kila ufa mdogo unaojitokeza anaulowesha, anaujaza uji wa udongo na kuusugua kwa jiwe laini la ziwani hadi uso ung'ae. Moto wa kwanza ni wa vijiti tu.

Kazi hii si geni katika vijiji vya mwambao huu. Mpango wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza mwaka 1994 baada ya vilima vinavyoizunguka Gombe kubaki vipara, uliunganisha upandaji miti, maji, afya na majiko yanayookoa kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali ya Tanzania imezindua mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Nautakia mkakati huo heri kwa moyo wote, na siku gesi itakapokuwa nafuu kwa mwanamke anayeisubiri ishuke kwenye boti kutoka Kibirizi, majiko ya udongo yatapungua. Ila mlo wa leo unapikwa leo, na dagaa waliovuliwa usiku hawangoji.

Siku ya kulijaribu jiko, mama kijana alichomeka kuni tatu nyembamba, zikashika ncha tu. Moshi ulitoka kwa dohani. Maji yalichemka, akatia unga, akaanza kusonga, na fundi akachuchumaa palepale alipochuchumaa mwanzo. Ugali ulipokaza, sufuria ilicheza kidogo upande wa kushoto. Ilicheza kidogo mno. Mimi sikuiona, nilimwona tu fundi akinyanyua kichwa.

Aliacha kwanza watu wale ugali. Jiko lilipopoa alitoa sufuria, akapapasa vinundu, akakikata kile cha kushoto hadi shinani, akalowesha kovu lake na kuanza kukifinyanga upya, kipana zaidi kwa chini.

“Juma hili pikia mafiga, mwanangu,” alisema. “Hiki kikauke pole pole.”

“Sawa, Mama.”

Akaomba sufuria aizungushe tena, ahakikishe mwanya haujabadilika.