Mizani Bila Maneno: Ellington na Shakespeare

Such Sweet Thunder ni mfululizo wa vipande 12 vya jazi ambavyo Duke Ellington na Billy Strayhorn waliitungia okestra yao mwaka 1957, wakichota kutoka tamthilia za William Shakespeare. Mwaka mmoja kabla, okestra hiyo ilikuwa imepiga katika tamasha la Shakespeare huko Stratford, Kanada. Ninapoisikiliza kazi hii kama mwanafunzi wa fasihi, najiuliza: tamthilia ikivuliwa maneno, hubaki nini?

Hadithi haibaki. Asiyeijua Hamlet hawezi kuijua kwa kusikiliza “Madness in Great Ones”. Hatakutana na mzuka wa baba wala upanga wenye sumu. Atasikia ala zikikatizana, na mwishoni tarumbeta la Cat Anderson likipaa hadi sauti karibu iwe kilio. Huyo ni mhusika bila visa vyake.

Vipande vinne vinavyoitwa soneti vinakwenda mbali zaidi. Soneti aliyoizoea Shakespeare ina mishororo 14, na kwa kawaida kila mshororo una silabi 10. Katika vipande hivi kila mshororo umegeuzwa kifungu cha noti 10, na vifungu ni 14. Sisi tuliofundishwa kuhesabu mizani, nane za ukwapi na nane za utao, tunaitambua kazi hii upesi. Katika “Sonnet for Caesar” klarineti ya Jimmy Hamilton inakwenda taratibu, kama mtu anayeghani mbele ya jeneza. Julius Nyerere alipomtafsiri Kaizari alikuwa na maneno ya Kiswahili ya kumsaidia. Ellington alibakiwa na hesabu tu, lakini uzito wa Kaizari unasikika.

Si kila kipande kinafaulu hivyo. “The Star-Crossed Lovers”, uliokusudiwa Romeo na Juliet, ni muziki mtamu sana, hasa saksafoni ya Johnny Hodges inapoingia. Hata hivyo, Strayhorn alikuwa ameutunga awali kwa jina la “Pretty Girl”. Naupenda, lakini kinachoufunga na tamthilia ni jina. Libadilishe, nao utamfaa mpenzi yeyote. Soneti haziwezi kutendewa hivyo, kwa sababu Shakespeare yumo ndani ya umbo lenyewe.

Somo hili linatuhusu. Katika mjadala wa wanamapokeo na wanausasa, mizani hutetewa kama urithi au hushambuliwa kama pingu. Ellington hakuwa na deni lolote kwa soneti, na wanamuziki wake walisifika kwa kubuni papo kwa papo. Hata hivyo walikubali noti 10, na ndani ya kumi hizo kila mpigaji anasikika kwa sauti yake mwenyewe. Anayesema kwamba mizani humnyima mtunzi uhuru na amsikilize Hamilton kwanza.