Betri Chini ya Mnara

Nahodha akiona tufani inakuja hutua tanga; hashindani na upepo, anaunyima pa kushika. Mtambo wa upepo uliosimikwa baharini hufanya vivyo hivyo: kasi ikipita takriban mita 25 kwa sekunde, mapanga yake hujigeuza ncha kali iukabili upepo, na kazi ya kufua umeme husimama. Shida haijaisha hapo. Kimbunga huzunguka, na jicho lake likishapita, upepo uliokuwa wa mashariki hurudi kutoka magharibi. Kichwa cha mtambo sharti kiufuate, na mota za kukigeuza zinataka umeme, ambao saa ile mara nyingi umeshakatika. Septemba 2003 kimbunga Maemi kilipokipiga kisiwa cha Miyakojima, Japani, upepo ulifika mita 74 kwa sekunde. Nguzo za umeme zililala chini, na minara ya mitambo ya upepo nayo ikaanguka.

Ufundi ninaousifu ni wa wanaoyawaza haya kabla nondo haijafungwa. Rekodi za vimbunga vya Atlantiki zinaanza mwaka 1851, lakini kipande kimoja cha bahari, tuseme mbele ya Galveston, Texas, hakijapigwa mara za kutosha kufanyia hesabu. Basi huunda kwenye kompyuta maelfu ya miaka ya vimbunga vya kubuni, wakivipa tabia ya vile vya kweli. Ramli, atasema mtu. Lakini mpiga ramli hakuoneshi hesabu zake, wala hazirekebishi dhoruba inayofuata ikimuumbua. Mwingine atasema kimbunga cha mara moja katika miaka 50 hakiutishi mtambo wa kuishi miaka 25. Asilimia 2 kila mwaka, kwa miaka 25, hufika kama 40. Hakuna mfanyabiashara atakayeiita bahati ndogo.

Basi minara iwe minene kote? Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi: kutoka mita 50 hadi 70 unakaribia kuwa maradufu, na chuma hakitolewi bure. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionesha njia ya bei nafuu zaidi: kichwa kikiweza kuufuata upepo hata gridi ikizimika, hatari hupungua sana. Ni suala la betri au jenereta ya akiba. Ila betri isiyotumika hufa kimyakimya, kwa hiyo fundi hana budi kupanda boti, siku bahari imelala, akaipime.