Kauboi wa Elmenteita Hana Farasi

Out of Africa ni muvi ya kauboi. Wengi huiita hadithi ya mapenzi, lakini hebu angalia nani anaigiza. Denys Finch Hatton alikuwa Mwingereza aliyesomea Eton na Oxford. Mwaka 1985 Sydney Pollack akampa nafasi hiyo Robert Redford, Mmarekani ambaye alikuwa amemwongoza katika Jeremiah Johnson (1972), stori ya mwindaji wa milima ya Marekani. Redford hata lafudhi hakubadilisha. Muvi ikabeba Oscar 7.

Vitabuni, kauboi huyu alifika mapema zaidi. Mwaka 1935 Elspeth Huxley alichapisha White Man's Country, juzuu mbili kuhusu Lord Delamere. Jina la kitabu limeshamaliza kesi ya ardhi kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mengine ni yale yale ya kauboi: farasi, ng'ombe, madeni, mwanamume mmoja dhidi ya nyika.

Tusidanganyane, Huxley anajua kusimulia. Sehemu za Njoro zinasomeka vizuri sana. Delamere alipewa ekari 100,000 huko mwaka 1903, na mifugo wake wakafa ovyo. Udongo ulikosa madini, na Wamaasai walikuwa wakiyaepuka malisho hayo. Baadaye akahamia Soysambu, ng'ambo ya Ziwa Elmenteita ukiwa Kariandusi, na mifugo akawakabidhi wachungaji Wamaasai.

Hapo ndipo stori inakataa kuvaa kofia ya kauboi. Kwenye muvi za Marekani, mchunga ng'ombe na mwenyeji anayefukuzwa ni watu wawili. Hapa ni mmoja. Aliyejua ng'ombe, majani na maji ndiye aliyehamishwa. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Ule wa 1911 ukawatoa Laikipia pia. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walienda kortini. Wakaambiwa mkataba ni jambo la dola na dola, korti haina uwezo nalo. Hiyo ndiyo muvi ningelipia tiketi: shujaa anatembea kwa miguu, na badala ya bastola ana wakili.

Sasa, mbona baa za Nakuru na Gilgil bado zinapiga Kenny Rogers, na Sir Elvis wetu anajaza ukumbi na kofia yake? Kuna wanaosema ni kasumba. Mimi sikubali. Vitabu vya masetla vinahusu kupata: ardhi, jina, sanamu. Nyimbo za country mara nyingi zinahusu kupoteza: nyumba, mke, shamba, pesa. Mtu ambaye babu yake alikuwa skwota kwenye shamba la mzungu hahitaji kufafanuliwa wimbo kama huo. Amechukua kipande cha kauboi kinachomhusu, farasi akamwachia Redford.

Wanaotaka kuandika upya stori ya bonde hili waanzie hapo, kwa aliyepoteza. Mandhari yenyewe yako tayari. Ukiwa Kariandusi, tazama ng'ambo ya ziwa: kuna kilima kinachofanana na uso wa mtu aliyelala chali. Kuna wanaokiita Pua ya Delamere. Wengine wanakiita Morani Aliyelala. Wote wanatazama mwamba ule ule.